Betri Mbili, Fyuzi Mbili

(Haya ni mazungumzo yetu ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa.)

Mkulima anayejua kazi yake hali mbegu. Hata njaa ikibisha hodi, debe la mbegu hukaa darini, mbali na debe la chakula, maana anajua kwamba chakula kikiisha ataomba kwa jirani, lakini mbegu ikiisha hana msimu ujao. Mavuno yanapoingia, madebe yote mawili hujazwa. Mavuno yakikoma, kila debe hufungwa kivyake.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya gari lenye madebe mawili ya namna hiyo, yaani gari lenye betri mbili. Nitalichukua hasa lile gari la zamani la kulala ndani, Kombi yenye kitanda, kabati, taa na jokofu. Lakini usizime redio kwa sababu huna Kombi. Gari la watalii lenye jokofu la vinywaji, lori lenye kitanda nyuma ya dereva, boti ya uvuvi yenye taa za usiku, vyote hivyo vinafuata kanuni ile ile, na vikiungua huungua kwa sababu ile ile.

Kombi ya Volkswagen ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Muda mfupi baadaye kampuni ya Westfalia, katika mji wa Wiedenbrück, ikaanza kuyageuza baadhi ya magari hayo kuwa vyumba vya kulala. Zile za kwanza zilikuwa za volti 6. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 1967, kilikuja na volti 12, kikatengenezwa Ujerumani hadi 1979, na ndugu zetu wa Brazil wakaendelea na gari la umbo hilo mpaka 2013. Wazee wetu wanazikumbuka Kombi hizo zikiwachukua watalii mbugani miaka ya 1960 na 1970. Nyingi zimekwisha. Zilizobaki zina nyaya zilizo na umri mkubwa kuliko dereva, na juu ya nyaya hizo za kiwandani kila mwenye gari ameongeza zake.

Kwanza tuelewe kwa nini betri ziwe mbili. Betri ya kuwashia injini ni mkimbiaji wa mita 100. Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, ili itoe ampea zaidi ya 100 kwa sekunde chache za kuzungusha starta, kisha ipumzike na kujazwa tena. Betri ya nyumba ni mchukuzi wa mizigo. Bamba zake ni nene, na kazi yake ni kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Sasa chukua jokofu la zamani la magari haya, lile linalopoza kwa kupasha moto. Likiendeshwa kwa betri hula kama wati 100. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 8 na ushei. Zidisha kwa saa sita za usiku, unapata kama ampea-saa 50. Betri ya kawaida ya gari dogo ina ampea-saa 45 tu. Hesabu hiyo haihitaji mtu aliyesoma sana: asubuhi mtasukuma.

Kwa hiyo betri ya pili si anasa. Lakini betri ya pili lazima ijazwe, na cha kuijaza ni alteneta ile ile moja ya injini. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Miezi kadhaa iliyopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea karakanani kwangu, hapa Arusha, Kombi ya mwaka 1976. Aliinunua zamani kutoka kwa mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba wake, na mpaka leo shule zikifungwa huwapakia wajukuu wake watatu, wakaenda Lushoto au Pangani, wakalala humo humo. Baada ya kumwamkia shikamoo na kuulizana habari za nyumbani, akaniambia shida yake.

"Fundi, betri ya nyumba haijai. Nikiendesha kutoka hapa mpaka Mombo, bado jokofu linapoza saa mbili tu, kisha linazima. Nimenunua betri mpya, mambo ni yale yale."

Niliinua godoro. Chini yake, pale wajukuu wanapolala, ulipita waya mmoja mwekundu, mwembamba, wa milimita za mraba 2.5. Ulitoka kwenye betri ya kuwashia, katika chumba cha injini kule nyuma, ukaenda mpaka betri ya pili ndani ya kabati nyuma ya kiti cha dereva. Ulipenya ukuta wa bati kwa tundu lililotobolewa kwa drili, bila mpira wa kuulinda na makali ya bati. Ganda lake lilikuwa limelika mpaka shaba inachungulia. Ulikuwa umeungwa mara mbili kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Na kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake hapakuwa na fyuzi hata moja.

Mwalimu alikuwa amekuja kwa ajili ya jokofu. Mimi nikaona tuanze na usingizi wa watoto.

Ndugu msikilizaji, volti 12 hazimrushi mtu, ndiyo maana hazimtishi. Unaweza kushika vichwa viwili vya betri kwa mikono mitupu usisikie kitu. Kwa hiyo watu hudhani umeme wa betri ni umeme mpole. La hasha. Upole wake uko kwenye volti, ukali wake uko kwenye ampea. Waya ule wa Mwalimu, urefu wa mita 5, ungegusa bodi kwenye mwisho wake, ungepitisha ampea zaidi ya 200. Katika waya wenyewe ungezaliwa moto wa zaidi ya wati 2,000. Hizo ni pasi mbili za umeme zilizowashwa na kuachwa chini ya godoro.

Na katika gari hili moto una marafiki wengi. Injini ya Kombi iko nyuma. Tangi la petroli liko mbele kidogo ya chumba cha injini, limetenganishwa nacho kwa bati tu. Mipira ya petroli inapita chumba kile kile ambamo betri ya kuwashia inakaa. Tena mwili wa nyingi za injini hizi zinazopozwa kwa hewa umetengenezwa kwa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto sawasawa hayazimwi kwa maji, maji huyachochea. Mlango wa kutokea wale waliolala nyuma ni mmoja, ule wa kusukuma wa ubavuni. Weka hesabu hiyo pamoja, uniambie kama fyuzi ni jambo dogo.

Nikamweleza Mwalimu kwamba nitaung'oa waya wote na kuuweka upya, na kwamba kutakuwa na fyuzi mbili. Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anayejibu bila kufikiri.

"Fundi, gari hili limetembea miaka yote hiyo bila hata fyuzi moja. Leo unataka mbili katika waya mmoja?"

"Mwalimu," nikamwambia, "fyuzi hailindi jokofu wala betri. Fyuzi inalinda waya. Ukiwa na betri moja, umeme unatoka upande mmoja, na fyuzi moja karibu na betri inatosha. Wewe una betri mbili. Waya huu ukikatika katikati ukagusa bodi, umeme utakuja kutoka mbele na kutoka nyuma kwa pamoja. Fyuzi ya nyuma ikikatika, betri ya mbele itaendelea kuchoma. Ni mto wenye chemchemi mbili. Ukiziba moja, maji bado yanakuja."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo umefundisha."

Kanuni ya kwanza basi ndiyo hiyo: kila mwisho wa waya unaounganisha betri mbili uwe na fyuzi yake, na fyuzi hiyo ikae karibu na kichwa cha betri, shibiri moja hivi, isizidi. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kifupishe uwezavyo na ukivike mpira mgumu. Na ukubwa wa fyuzi usichaguliwe kwa kubahatisha. Lazima iwe kubwa kuliko umeme wa kawaida unaopita, na iwe ndogo kuliko umeme ambao waya unaweza kuubeba bila kupata moto. Kwenye Kombi ya Mwalimu, yenye alteneta ya ampea 55, niliweka waya wa milimita za mraba 16 na fyuzi za ampea 60, moja kila upande.

Kanuni ya pili ni ya kutenganisha. Betri mbili ziungane mavuno yanapoingia tu, yaani injini inapochaji. Mavuno yakikoma, kila moja ijitegemee. Njia ni kadhaa.

Iko swichi ya mkono. Ni rahisi na haina cha kuharibika, ila adui yake ni usahaulifu. Usiku ule utakaosahau kuizima ndio usiku mtakaolala porini na betri zote mbili zikakauka.

Iko njia ya daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hakina sehemu inayocheza, lakini daiodi ya kawaida hutoza ushuru wa kama nusu volti au zaidi, na betri isiyopata volti zake haijai.

Iko relei, ambayo ni swichi kubwa inayovutwa na umeme mdogo. Umeme huo mdogo uchukuliwe wapi? Mafundi wengi huuchukua kwenye swichi ya ufunguo, na hapo ndipo wanapokosea. Ufunguo ukiwashwa, relei inaunganisha betri kabla injini haijawaka. Starta inapozunguka inavuta ampea zake 100 na zaidi kutoka betri zote mbili, na nyingine zinapita kwenye waya ambao haukuwekewa kazi hiyo. Kama kuna fyuzi, itakatika kila mara. Kama hakuna, waya ndio utakaolipa. Relei ya namna hii ivutwe kutoka waya wa taa nyekundu ya chaji, ule ambao Wajerumani wameupa namba 61. Waya huo hupata umeme kamili alteneta inapoanza kuchaji, yaani injini ikiwa imekwishawaka.

Na iko relei inayopima volti yenyewe. Ikiona volti zimepanda kufika 13.3 hivi, inajua kuna chaji, inaunganisha. Zikishuka chini ya 12.8 hivi, inatenganisha. Hii ndiyo niliyomwekea Mwalimu, kwa kuwa haihitaji kuguswa wala kukumbukwa, na haiungi betri wakati starta inazunguka, maana wakati huo volti ziko chini.

Nasema jambo moja kwa wenye Kombi za zamani zaidi, zile zenye dinamo badala ya alteneta. Dinamo hizo hutoa kama ampea 30 tu, na injini ikinguruma polepole zinatoa karibu na sifuri. Toa taa kubwa za mbele, toa koili na mengineyo, kinachobaki kwa betri ya pili usiku ni makombo. Mwenye gari la namna hiyo asitafute waya mnene. Atafute paneli ya jua juu ya paa.

Sasa turudi kwenye jokofu la Mwalimu. Kwa nini betri mpya haikujaa? Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa huonyesha volti 12.7. Ikiwa nusu huonyesha 12.2. Ili ijae inataka kusukumwa kwa volti 14 na kitu. Alteneta ilikuwa nzima, ikitoa 14.2. Lakini waya mrefu na mwembamba ni kama mrija mwembamba: mwanzoni maji yana nguvu, mwishoni yanadondoka. Chukua waya wa milimita za mraba 6, mita 5 za kwenda na mita 5 za kurudi, upitishe ampea 30. Njiani zitapotea karibu volti 0.9, na betri itaonja 13.3 tu. Uwe wa milimita 16, zitapotea kama volti 0.33. Na ule wa Mwalimu haukufika hata 6, ulikuwa 2.5. Ni kweli kwamba betri inavyozidi kujaa inavuta umeme kidogo zaidi, na upotevu unapungua. Lakini hilo huchukua saa nyingi, na safari huwa imekwisha kabla ya hapo. Betri inayokaa nusu siku zote huota utando mgumu juu ya bamba zake, ikapoteza uwezo mwezi hadi mwezi. Mwalimu alikuwa akilaumu betri, kumbe mwenye makosa ni njia.

Kuna upande mwingine ambao mafundi wengi wanausahau, ule upande hasi. Umeme unaokwenda lazima urudi, na kwenye gari hurudi kwa bodi. Bodi ya gari la zamani ina rangi, ina kutu, ina viraka. Ukifunga waya wa bodi juu ya rangi umefunga mlango. Kwangura mpaka bati ling'ae, kaza kwa boliti, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi. Kwenye Kombi chunguza pia ule mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha giaboksi na bodi. Ukiwa umekatika au umeoza, umeme wa starta hutafuta njia nyingine, na njia mojawapo ni kebo ya mafuta inayokwenda kwenye kabureta. Nimeona kebo iliyopata moto kwa sababu hiyo, na mwenye gari amekwishabadilisha starta mbili.

Tena chunga rangi. Sisi tumezoea kwamba waya mweusi ni wa bodi. Katika magari ya Kijerumani ya wakati huo, waya wa bodi ni wa kahawia. Mwekundu una umeme siku zote, na mweusi unapata umeme ufunguo ukiwashwa. Anayeunga mweusi kwenye bodi kwa mazoea anatengeneza shoti kwa mikono yake mwenyewe. Pima kwanza kwa mita, ndipo uunge. Na kabla ya yote hayo ondoa waya wa upande hasi kwenye betri zote mbili, na uwe wa mwisho kurudisha, ili spana ikigusa bodi pasitokee kitu. Pete ya ndoa ivuliwe pia. Pete iliyoshikana kati ya spana na bodi hugeuka kaa la moto kidoleni.

Betri ya pili ya Mwalimu ilikuwa kabatini, wazi, karibu na jiko la gesi. Betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni, na hewa ikiwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo, cheche moja inatosha kulipua. Kwa hiyo betri iliyo mahali pa kulala iwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, na sanduku liwe na mrija unaotoka nje ya gari. Sanduku lifungwe kwa mkanda. Betri kubwa ya risasi inaweza kufika kilo 25, na gari likipata ajali haitakumbuka kwamba ni mali yako. Ukisikia harufu ya yai bovu humo ndani, ujue betri inachajiwa kupita kiasi. Zima, fungua milango, watoe watu nje.

Najua kuna msikilizaji anayesema: hayo ni mambo ya betri za zamani, siku hizi kuna lithiamu. Naam, ziko, na ni nzuri. Ni nyepesi, na unaweza kuzitumia karibu zote badala ya nusu. Lakini zina tabia moja. Betri ya risasi ikinywa, hunywa kwa kusita. Ya lithiamu hunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Huvuta kila ampea ambayo alteneta inayo, bila kupumzika. Alteneta ya mwaka 1976 haikuundwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa tatu. Itaungua. Anayetaka lithiamu kwenye gari la zamani asiiunge kwa relei tupu. Aweke katikati chaja inayopokea umeme wa gari na kuutoa kwa kipimo, ampea 20 au 30 tu, kwa volti zinazofaa betri hiyo. Chaja hiyo hiyo ndiyo dawa kwa magari mapya ambayo kompyuta hushusha na kupandisha volti za alteneta itakavyo. Lakini kwa gari la zamani lenye betri mbili za risasi, relei nzuri, waya mnene na fyuzi mbili vinatosha kabisa.

Baada ya hapo ikabaki nyumba yenyewe. Kila njia inayotoka betri ya pili iwe na fyuzi yake ndogo: taa zake, pampu ya maji yake, jokofu lake. Asitokee mtu akaweka fyuzi moja kubwa kwa nyumba nzima, maana fyuzi ya ampea 30 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa. Na zile fyuzi za kauri za Kombi yenyewe, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za 16, zitolewe, vishikio vyake visuguliwe, zirudishwe. Kutu ya pale ndiyo inayofanya taa ziwe hafifu na fundi aambiwe ni mchawi.

Kazi ilipokwisha tulipima pamoja na Mwalimu, yeye akiandika. Injini imezimwa, betri zimepumzika: ya kuwashia 12.6, ya nyumba 12.1. Tofauti hiyo ni habari njema; inaonyesha zimetengana. Zingelingana sawasawa ningeshuku kwamba midomo ya relei imeshikana kwa ndani. Injini ikawashwa, baada ya muda relei ikagonga: ya kuwashia 14.1, ya nyumba 13.8, na inapanda. Baada ya nusu saa nilimwomba aguse waya mpya kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa baridi. Waya unaopata joto unalalamika. Kisha nikachora ramani ya nyaya zote kwa kalamu ya wino, rangi na namba zake, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati, ili fundi atakayekuja baada yangu asilazimike kubahatisha kama nilivyolazimika mimi.

Ndugu msikilizaji, yote hayo yana gharama, nami sitaki kuficha. Waya wa shaba mnene si rahisi. Lakini katika orodha nzima ya vitu tulivyonunua, fyuzi na vishikio vyake ndivyo vilivyokuwa bei ndogo kuliko vyote. Na ajabu ni kwamba fyuzi ndiyo watu wetu wanayoidharau. Ikikatika, dereva hachukui muda kuuliza kwa nini imekatika. Anachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anaizungushia, gari linakwenda. Mwingine anafunga uzi wa waya. Mwingine, Mungu amsamehe, anaweka msumari. Halafu anajisifu kuwa ametengeneza. Huko ni kumnyonga mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku. Fyuzi imekatika kwa sababu imeona kitu. Kitu hicho bado kipo, sasa hakuna anayekiangalia.

Na sisi mafundi tusijitoe katika lawama hii. Mteja anasema, "Fundi, fanya harakaharaka, nina safari," nasi tunakubali. Tunafunga utepe mahali pa kiunganishi, tunapitisha waya kwenye bati bila mpira, tunachukua fedha yetu. Gari linaondoka likiwa linawaka, mteja anashukuru. Lakini waya ule hausahau. Utatikiswa na kila shimo la barabara, kidogo kidogo, mpaka bati limalize ganda. Siku hiyo fundi hayupo. Walioko ni waliolala.

Kwa hiyo nakuomba kesho, mchana kweupe, ufungue gari lako na ufuate kwa kidole kila waya unaotoka kwenye kichwa chanya cha betri. Ule mnene wa starta na ule wa alteneta, kiwanda cha magari ya zamani kiliviacha bila fyuzi. Hivyo angalia tu kama maganda yake ni mazima na havigusi kitu. Waya mwingine wowote, ukiufuata zaidi ya shibiri moja hujakuta fyuzi, simama hapo. Usimwambie fundi gari halichaji. Mwonyeshe waya huo kwanza. Na kizimamoto cha unga kikae pale mtu aliyelala anapoweza kukifikia bila kuvuka jiko.

Mwalimu alinipigia simu kutoka Pangani. Hakuwa na mengi. Alisema jokofu limepoza mpaka alfajiri, maziwa ya watoto hayakuharibika, na injini imewaka kwa mara ya kwanza. Juu ya fyuzi hakusema neno, nami nikafurahi, maana fyuzi iliyo mahali pake haina habari ya kusimuliwa.